Shimo la Ndizi Nililolifunua Mapema

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijapata namna nyingine ya kuanza kuzungumza na wewe.

Nakuandikia nikiwa ofisini, hapa Biharamulo, wenzangu wamekwenda kula. Kazi yangu ni kuandika barua za watu wengine. Yako imenishinda tangu tulipokuzika.

Nilifika nyumbani Kirushya wiki moja kabla ya Krismasi. Mama aliniambia, bila kuniangalia, kwamba watu wameanza kuulizana watakunywa pombe ya ndizi kwa nani baada ya misa, kwa kuwa kwetu hakuna tena mwanamume wa kukamua ndizi. Baba, mimi naogopa vitu vingi, unanijua. Ila ua wako kukaa mtupu siku ile... Nikasema nitavundika mimi.

Nilifanya yote uliyokuwa ukifanya. Nilichimba shimo nyuma ya jiko, nikalipasha moto, nikatandika majani ya mgomba, nikapanga ndizi, nikafunika kwa majani na udongo. Halafu nikafanya kosa la karani. Kila asubuhi nililifunua kidogo ili nihakikishe. Nabonyeza ndizi moja moja, nafunika tena. Siku ya tano zilikuwa kijani vilevile, ngumu. Joto lote nilikuwa nimelitoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Jirani yetu Mzee Leonsi alichungulia shimoni, akacheka mpaka akashika kiuno. "Wewe binti! Ndizi hazikaguliwi. Ulidhani ni faili?" Nililia palepale mbele yake. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Osha ule mtumbwi wa kukamulia wa baba yako," akaondoka.

Kesho yake asubuhi walikuja. Leonsi na ndizi begani, mkewe na kapu kichwani, kisha watu wa nyumba ya pili, na ya tatu. Kila mmoja alikuwa amepunguza ndizi mbivu kwenye shimo lake. Tulimenya, tukakamua kwa nyasi mpaka viganja vikawaka. Pombe haikupata siku za kutosha kuchacha, ikabaki tamu. "Krismasi gani hii ya maji ya watoto!" Leonsi alilalamika, huku akinyoosha kikombe kwa mara ya tatu.

Lakini nimeruka jambo. Baada ya misa ua ulijaa, kisha wote wakasubiri, maana mwenye nyumba huonja kwanza ndipo wageni wanywe. Nilimtazama Mama. Alichukua kibuyu chako, kile ulichokishona ufa, akakiweka mikononi mwangu. "Onja, watu wana kiu." Nilitetemeka, nikajimwagia gauni jipya. Lakini nilionja, Baba. Wanawake wakapiga vigelegele, na Mama akacheka kicheko chake kile cha zamani.

Nimerudi kazini. Simu ya mkuu wangu ikilia bado nashtuka. Ila sasa najua kwamba naweza kutetemeka na bado nikafanya.

Mwakani nitavundika tena, na jembe nitampa Mama alifiche mpaka siku ya tano. Maadamu nipo, watu watakunywa kwako kila Krismasi.

Lala salama, Baba. Kibuyu nimekiosha, nimekitundika mahali pake.

Binti yako,
Odilia