Mama, Nimeuongezea Maneno Ushuhuda Wako

Mama yangu,

Tangu tukuzike sijakuandikia. Leo nina jambo la kukiri.

Nilizaliwa bila tundu la haja kubwa. Nilifanyiwa operesheni tatu, nikavaa mfuko tumboni, kisha ukaondolewa. Jumapili iliyofuata ulisimama kanisani kwetu huku ugenini, mtaa wa Yeoville, ukashuhudia: "Mutoto yangu amepona kabisa!" Ulipenda kunisimulia vigelegele vya siku ile.

Lakini niliendelea kujichafua. Kila jioni uliniosha utumbo kwa maji ya chumvi, nikakaa chooni karibu saa nzima, nawe nje ya mlango ukisuka wigi na kunisimulia vituko vya saluni ulikofanya kazi.

"Mteja wa leo ametaka nywele za bibi harusi, na bwana hana!"

Nilicheka hadi nikasahau tumbo. Halafu ulikuwa ukininong'oneza, "Usiseme kwa watu. Tulishashuhudia." Siku shemasi alipotukuta kliniki, ulimwambia tumekuja kwa ajili ya meno, na kwa miaka miwili hatukurudi. Niliumwa sana miaka ile, Mama. Nilijua uliogopa kumfanya Mungu aonekane mwongo.

Mwaka jana nilirudi kliniki peke yangu. Muuguzi alinieleza kwamba upasuaji hutengeneza njia, lakini kwa wengine wetu misuli ya kuzuia haja hubaki dhaifu. Sio kosa la mtu.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, dada mmoja aliyetoka Bukavu juzijuzi alinivuta kando. Mwanawe wa miaka minne alipasuliwa kama mimi.

"Ni wewe ule mutoto mwenye alipona kabisa?"

Unanijua. Nilitazama viatu vyangu.

"Wangu anajichafua kila siku. Bwana anasema sina imani."

Ningeitikia tu na kwenda zangu. Lakini sauti yake ilikuwa imechoka kama yako ya miaka ile miwili.

"Hata mimi bado, dada. Naosha utumbo kila jioni, kesho yake nashinda safi. Ndivyo nilivyomaliza sekondari, hadi mtihani wa matric."

"Na wewe mukubwa hivi?"

"Kila jioni."

Akalia, kisha akacheka na machozi yake. "Eish! Mimi nafunga na kuomba, kumbe ni maji!"

Nisamehe kama nimekuaibisha. Sidhani ulidanganya, ulishukuru mapema tu.

Jumanne tunaenda naye kliniki. Hajui Kiingereza. Mimi, niliyekuwa sithubutu kulitaja jambo hili hata kwa Kiswahili, nitamtafsiria kila neno.

Pumzika, Mama.

Binti yako