Kipande cha Muwa cha Siwema

Deltani Rufiji, Jumapili

Mama Upendo mpenzi,

Hamjambo huko Njombe? Baridi imeshaanza? Kifua chako kimepoa? Mimi afya ninayo, moyo ndio umechafuka. Barua hii nampa mwalimu mwenzangu anayevuka kwenda Kibiti, maana mtandao hapa ni wa kubahatisha.

Nimekasirika, mke wangu, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wameshindwa kabisa kutofautisha vitenzi vya Kiingereza vya meno. Kwao kila kitu ni bite: mbwa bite, panya bite, bibi na ugali wake bite! Nimesema mpaka sauti imekauka. Jumatatu nikaingia darasani na muwa, biskuti na mahindi ya kuchoma. Kung'ata mara moja, nikawaambia, ni bite. Kutafuna ni chew. Kumega biskuti kidogo kidogo kwa ncha ya meno ni nibble, na kuguguna gunzi ni gnaw.

Wavulana wakagombea mahindi. Siwema, binti anayeongoza darasa, nikampa muwa, akatikisa kichwa. Nikamuuliza sababu, akainamisha macho. Ramadhani imekwisha, Idi tumeila, nikaona ni kiburi tu. Nikamfokea mbele ya wenzake. Akang'ata, akatafuna, akameza, akatunga sentensi sahihi kabisa. Nami, mjinga, nikampigia makofi.

Jioni bibi yake akaja kwangu. Hakupaza sauti.

"Utanisamehe, mwalimu, kwa maneno ya kike. Mwezi wa Ramadhani, Siwema alipokuwa kwenye siku zake hakufunga, sasa ndiyo alikuwa anazilipa. Akwambie vipi mbele ya wavulana?"

Miaka mitatu naishi na watu hawa! Wewe ungelijua kabla sijafungua mdomo. Nikaomba radhi. Bibi akasema siku ile ataifunga tena, hilo halina taabu. Taabu ni kwamba mtoto amesema harudi shule. Na mtihani wa taifa ni mwaka huu huu.

Ijumaa alirudi. Amehamia dawati la nyuma, yeye aliyekuwa wa mbele. Mkono hanyooshi tena. Nikimtaja jina, anasimama upesi na kufanya chochote nilichosema. Hilo ndilo linaloniuma.

Unisalimie mama mkwe, na kaka yako fundi seremala, na jirani yetu wa maziwa. Upendo mwambie baba anamkumbuka. Siku akikataa jambo darasani na akashindwa kusema kwa nini, tafadhali nenda kwa mwalimu wake, kabla hajapigiwa makofi.

Mumeo mwenye aibu,
Baba Upendo