Safari Mbili Nilizozifuta

Jumatatu, 3 Juni
Karakana ya Kihonda tangu asubuhi. Mifuko ya mchanga, mizani, chai ya rangi. Kiwanda cha ng'ambo kinatoa pikapu ya majaribio na vifaa vya kupimia, chuo kinatoa watafiti na barabara mbovu za Uluguru. Ndivyo mkuu wa idara anavyowaambia wageni.
Mzee Mkude, dereva wetu, kaniambia tena: akishuka mteremko wa Kinole na mzigo, breki zinalainika. Ni mtu wa hukohuko, kaendesha malori ya machungwa njia ile tangu mimi niko shule ya msingi. Nikamjibu tutaangalia. Nilikuwa namwondoa tu mlangoni.

Jumatano, 5 Juni
Nimeangalia. Safari mbili, mteremko uleule, gari limejaa. Breki za mbele zimechemka, nguvu ya kusimamisha gari imeshuka vibaya. Huenda kifaa kimeyumba. Huenda mzee anasema kweli. Kulikuwa na muda wa kurudia kipimo.

Alhamisi, 6 Juni
Barua ya kiwanda. Ripoti ikiwa nzuri, mkataba unaongezwa. Maabara mpya. Wanafunzi wangu watatu kwenda kusoma nchini kwao, Neema akiwa wa kwanza.
Nimezifuta zile safari mbili kwenye ripoti. Chini ya ukurasa nimeandika: hitilafu ya kifaa. Hakuna aliyenilazimisha. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye.

Jumatano, 12 Juni
Ripoti imepokelewa kwa makofi. Nje ya ukumbi Mzee Mkude akaniuliza, "Na zile breki, mwalimu?"
"Zimepimwa, mzee. Ziko sawa."
"Haya. Kama zimepimwa."
Akaniamini.

Jumamosi, 15 Juni
Breki zimekufa.
Gari lilikuwa linashuka Kinole na shehena ya ndizi, wageni wa kiwanda wakisubiri chini kupiga picha. Neema alikaa mbele, kushoto, akiandika vipimo. Kushoto korongo. Mzee akalikata gari kulia, akalibamiza kwenye ukingo wa mlima, upande alioketi yeye. Neema ana michubuko. Mzee mguu umevunjika mara mbili.
Nilikuwa chini na wale wageni. Nilisikia kishindo, na nilijua kabla sijaambiwa.

Jumatatu, 17 Juni
Kikao. Kiwanda kimeshaandika maelezo: dereva alichelewa kupunguza gia. Ushahidi wao ni ripoti yangu, kwamba breki ni nzima. Inatakiwa sahihi yangu. Mkuu wa idara akaninong'oneza, "Weka sahihi, Rehema. Mzee atatibiwa, mradi utabaki."
Nikaomba wanipe mpaka kesho. Sikusema hapana. Mwoga.

Jumanne, 18 Juni
Hospitali. Nikaamkia shikamoo, wakaitikia wote wawili. Bi Mwajuma, mkewe, akanipisha kiti chake. Kabla sijasema neno mzee akaanza yeye.
"Nisamehe, mwalimu. Labda kweli nilichelewa gia. Nimeharibu gari la watu."
Ananiomba msamaha. Mimi.
Nikamwambia yote.
"Siku ile nakuuliza, ulikuwa umeshajua?"
"Nilikuwa najua."
Akageuza uso ukutani. Bi Mwajuma akasimama. "Nenda, mwanangu. Nenda sasa hivi." Hakupaza sauti. Heri angenitukana.
Kutoka pale nikaenda moja kwa moja ofisini. Nimetuma vipimo vyote, vile viwili vikiwemo, kwa kiwanda, kwa uongozi wa chuo na kwa askari wa usalama barabarani. Na barua: aliyefuta ni mimi. Nilikosea jina langu mwenyewe, nikaliandika upya.

Ijumaa, 28 Juni
Nimesimamishwa kazi. Majaribio yamesitishwa. Safari za wanafunzi zimefutwa. Wenzangu wakiniona kwenye korido wanakumbuka kitu walichosahau ofisini.
Neema kaja nyumbani. Nikaanza kueleza kwamba nilikuwa nawafikiria wao. Akanikatiza: "Hukuniuliza kama naitaka safari kwa njia hiyo. Na gari ukaniacha nipande."
Hakuketi.

Jumapili, 21 Julai
Nimepanda Kinole. Mzee yuko kwake, kwenye baraza, mguu una plasta. Polisi wamemwondolea lawama, leseni amerudishiwa. Nilifikiri nikimkuta na habari hiyo nitapata nafuu. Sikupata.
Akaitikia salamu. Kiti sikupewa, nikakaa kwenye ngazi. Nikamwambia sikuja kuomba chochote, nimekuja kumwona.
Baadaye akauliza, "Yale magari mengine ya aina ile, wamebadilisha breki?"
"Wameanza."
"Afadhali."
Ukungu ulikuwa unashuka mashambani. Bi Mwajuma akatoka na kikombe cha maji, akakiweka karibu yangu bila kunitazama, akarudi ndani. Nikanywa.
Ikafika saa ya swala ya alasiri. Mzee akataka kuinuka. Nikanyoosha mkono. Hakuushika. Akajiinua mwenyewe kwa magongo, taratibu, akitweta, na mimi nimesimama pembeni mpaka alipoingia ndani.