Hakimu Hashtakiwi

Jumanne, 3 Juni
Nimenyoa ndevu. Suruali nimeipiga pasi mwenyewe, mstari umesimama. Kesho mahakamani. Mimi ni shahidi wa pili wa dada yangu, Mama Neema. Wa kwanza ni yeye. Wa tatu hakuna. Mumewe kafariki mwaka jana, sasa shemeji yake Boay anasema shamba la Sigino ni la ukoo. Si kweli. Marehemu alilinunua kwa dume la ng'ombe, na mimi ndiye niliyelivuta lile dume kwa kamba. Wazee wawili walioshuhudia tumeshawazika. Nimebaki mimi. Mnada mzima wa mifugo ninakouzia mbuzi unajua sijawahi kushindwa kwa maneno. Kesi imekwisha hii.
Neema kaniambia, "Mjomba, jibu ulichoulizwa tu." Kamaliza kidato cha nne juzi, anataka kunifundisha kusema.

Jumatano, 4 Juni
Nimekaa mahabusu mpaka saa kumi na moja jioni. Kalamu imetoboa karatasi. Hasira, si woga.
Nilianza vizuri. Nikasema dume, nikasema kamba, nikataja wazee. Watu wakapiga miayo. Nikaona haitoshi. Nikaeleza lilivyoniburuza kwa tumbo kutoka Singe mpaka Sigino na kamba sikuachia. Wakacheka. Nikanogewa. Nikasema pembe zake zilikuwa ndefu, kuku walikuwa wanalala juu yake.
Boay akasimama. "Shemeji, ndilo lile ulilotuambia msibani kwamba uliliua kwa ngumi?" Chumba kizima kikaangua kicheko.
Hakimu, kijana hana hata mvi, akasema, "Mzee, hapa si kijiweni. Wewe ni mwongo na mlevi." Mlevi! Pombe niliacha tangu Neema anabatizwa. Nikamjibu akamuulize baba yake nani mlevi. Askari akanishika mkono.
Mpaka wa shamba sikuwahi kuutaja. Siku ya mauziano sikuwahi kuitaja. Yale ya kweli nilikuwa nimeyaweka mwisho.

Ijumaa, 20 Juni
Tumeshindwa. Hakimu kaandika kwamba shahidi wa pili haaminiki kwa neno lolote. Shamba ni la ukoo, Mama Neema aondoke akishavuna. Karani kasema rufaa ni ndani ya siku thelathini.
Dada hakulia. Alikunja ile nakala ya hukumu akanipa. "Kaka, wewe unawajua watu." Nikasema niachie mimi.

Jumatatu, 23 Juni
Nimepata dawa. Nitamshtaki hakimu mwenyewe, kwa jina lake. Kaniita mlevi mbele ya watu, kanifungia. Anilipe fidia. Akishindwa yeye, hukumu yake inaanguka yenyewe, itasimama na nani?
Neema anang'ang'ania rufaa kwanza. Nikamwambia rufaa ni kumbembeleza mtu aliyekupiga. Mama yake akamkatisha, "Mwache mjomba wako, anajua anachofanya."
Stendi nimewaeleza. Mmoja akasema, "Shikamoo wakili." Nikaitikia marahaba. Nilisikia raha, sifichi.

Jumamosi, 5 Julai
Stationeri. Kurasa sita za mashtaka yangu zimechapwa. Binti anayechapa akaniuliza, "Baba, na hili la kuku kulala kwenye pembe niliweke?" Nikamwambia liweke.

Jumatatu, 14 Julai
Masjala ya mahakama wamenirudisha mara ya tatu. Mara ya kwanza fomu siyo. Mara ya pili mahakama siyo. Leo karani kasoma ukurasa wa kwanza, akaniangalia kwa huruma. "Mzee wangu, tafuta wakili kwanza." Huruma yake imeniuma kuliko mahabusu.
Wakili wa pale juu ya duka la dawa atanipokea Jumanne ya wiki ijayo. Dada kauliza tumefikia wapi. Nikamwambia hakimu halali usingizi.

Jumanne, 22 Julai
Wakili kasoma zote sita. Hakucheka. Afadhali angecheka.
Kasema hakimu hashtakiwi kwa alichokisema au kukiamua akiwa kitini anasikiliza kesi. Hata akikosea. Hata akinitukana. Sheria inamkinga, la sivyo kila anayeshindwa angemshtaki na hakuna kesi ingeisha. Nikauliza, kwa hiyo mtu anaweza kuniita mlevi na basi? Akasema naweza kumlalamikia kwa wakubwa wake. Wakiona kakosa watamwadhibu. Shamba halirudi kwa njia hiyo. Shamba linarudi kwa rufaa.
Akaiangalia tarehe ya hukumu. Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena.
Siku thelathini zimeisha, na mbili zimepita juu yake.
Kasema tunaweza kuomba tuongezewe muda, ila lazima tutoe sababu ya kuchelewa. "Sababu yenu ni nini, mzee?" Nikazikusanya kurasa zangu sita moja moja, nikashuka ngazi.

Alhamisi, 24 Julai
Sijawaambia. Nimeshinda mnadani, sijauza hata mbuzi.

Jumapili, 27 Julai
Nimewaambia baada ya ibada, uani kwa dada. Nilitaka kusema karani alinizungusha, wakili alisafiri. Maneno yote yalikuwa tayari mdomoni. Nikasema tu, muda umepita na ni mimi.
Neema akaingia ndani. Dada aliendelea kuchambua maharage. Baadaye akauliza kama nimekula.
Bora angenipiga.

Ijumaa, 29 Agosti
Ombi la muda limekataliwa. Sababu haikutosha. Hakimu mwingine huyu, mama wa makamo, mpole. Kanisikiliza mpaka mwisho na nilisema maneno machache. Haikusaidia. Nilitamani nimchukie, nikashindwa.
Boay alinisalimia nje. Nimeitikia.

Jumamosi, 6 Septemba
Mbaazi zimevunwa, magunia tisa. Boay alituma watu wawili wasimamie, wakaishia kutusaidia kubeba. Leo tumehamisha vitu. Chumba kimoja cha kupanga, mtaa wa Maisaka, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Kitanda nimekifunga mimi. Neema kapanga vyombo, hajanisemesha, lakini kaniwekea maji ya kunawa.
Mwenye nyumba, mzee mmoja mchangamfu, akaja mlangoni akauliza mama huyu katokea wapi, nini kimemleta. Kaniuliza mimi. Nikafungua mdomo.
Dada akaniwahi, taratibu, huku anatundika pazia. "Kaka. Sema nimehama. Usiongeze."
Nikasema amehama.
Mzee akasubiri kidogo, akaona hakuna zaidi, akaenda zake. Nikamshikia dada ncha nyingine ya pazia.