Jina la Tatu

Mama yangu uliyelala Tukuyu,

Nina hasira, na huku sina wa kumtolea. Naileta kwako, wewe uliyeizoea tangu nikiwa mdogo.

Nimeamriwa kuandika barua ya kuomba radhi. Msimamizi wetu, Mkenya mmoja anayetembea kama aliyemeza rula, amenikalisha kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi na karatasi moja na fomu moja. “Andika sorry, khalas,” kasema. “Saa kumi iwe kwa sir, ama urudi kwenu.” Sir ndiye meneja wa ukumbi.

Kosa langu ni kufungua mdomo. Unajua kwamba nalinda ukumbi wa maonyesho hapa Dubai. Mwezi huu wameleta vitabu vya kale, na mimi wiki ya tatu sasa nasimama kando ya kabati moja la kioo. Ndani yake kuna kitabu cha Mwingereza wa karne ya kumi na saba. Alihamia Marekani wakati wakoloni ndio kwanza wanaingia, akajifunza lugha na mila za wenyeji waitwao Wanarragansett. Aliandika maneno yao ya kusalimiana, ya kula, ya kuugua na ya kuzikana. Kibao cha maelezo kinamtaja yeye mara nne. Waliomfundisha kila neno hawatajwi hata mara moja. Hilo peke yake lilikuwa limeshanikera.

Ukurasa uliofunuliwa unaeleza kwamba watu wale hawakulitaja jina la marehemu. Aliyelitaja alionywa, na akirudia alitozwa faini. Mwingereza yule, pamoja na makosa yake yote, aliliandika jambo hilo kwa adabu. Leo asubuhi kijana wa suti anayetembeza wageni akawaambia watu wake kwamba hao walikuwa washenzi wasioweza hata kukumbuka majina ya wafu wao. Wakacheka. Mama, kicheko kile nakijua.

Wewe hukuwahi kulitaja jina la baba mkwe wako. Ulimwita “yule wa nyumba ya juu.” Ukisikia kikohozi chake njiani, ulijitosa migombani na ndoo kichwani mpaka apite, maana ndivyo mwanamke wa Kinyakyusa alivyomheshimu mkwewe. Hata alipokufa hukuacha. Nakumbuka tulivyojibanza humo, maji yakikuchuruzika shingoni, umeniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka moshi, na sote wawili tunakufa kwa kicheko.

Halafu ukanipeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu akauliza jina langu, ukasema. La baba yangu, ukasema. “La tatu?” La tatu ni la babu, yule wa nyumba ya juu. Ukatazama sakafu. “Mama gani huyu hajui jina la mtoto wake?” Foleni nzima ikaangua kicheko. Niliona aibu, mama, na aibu yenyewe nilikuonea wewe. Nikalitaja kwa sauti kubwa, mbele yako.

Hukunipiga. Njiani ulisema hili tu: “Umenivua nguo.”

Leo nikamwambia yule kijana, “Walikuwa wanakumbuka, sir. Ndiyo maana hawakutaja.” Basi. Mlinzi haruhusiwi kuzungumza na wageni, kwa hiyo meneja akaitwa. Njeri, mlinzi mwenzangu ninayelala naye chumba kimoja kule Al Nahda, akanivuta pembeni. “Wewe nawe! Si ungenyamaza tu? Kwani hao watu unawajua?”

Siwajui. Nakujua wewe.

Nina hasira na mwalimu yule, na kijana wa suti, na kibao chao. Lakini hasira iliyo kubwa kuliko zote ni kwa yule mtoto wa miaka saba aliyejiona ana akili kuliko mama yake. Ulizikwa nikiwa huku, sijakuomba radhi. Kila likizo nilisema nitasema, na kila likizo tulikula, tukacheka, nikapanda ndege. Mjinga nilikuwa mimi.

Na jina lenyewe sasa liko kifuani kwangu, limechapwa kwenye kitambulisho, kwa kuwa pasipoti imeliweka mwisho. Kutwa nzima ndilo wanaloniitia. Yalla, fulani, mlango wa pili! Wanalitupa kama ganda la ndizi, na kila wakiliita nakuona umesimama mbele ya meza ya mwalimu.

Sasa ni saa tisa na nusu. Kwenye karatasi yao nimeandika mstari mmoja, kwamba nilichosema ni kweli. Samahani sikuweka, maana niliyo nayo ni moja na ina mwenyewe. Ipokee, mama, japo imechelewa.

Fomu imetaka majina matatu. Nimejaza mawili. Msimamizi akija ataniuliza la tatu, na mimi nitatazama sakafu.

Pumzika, mama.

Binti yako,
aliyelitaja