Jicho la Kushoto la Bi Kwaru

Mpendwa mdogo wangu Zuhura,

Simu yako haipatikani tangu Jumatatu ya wiki ile, kwa hiyo nakuandikia hadharani. Aliye karibu nawe akiiona barua hii na akusomee. Na kama unaisoma mwenyewe, umejificha mahali, basi isome hadi mwisho. Usifanye kama kawaida yako, unasoma mistari miwili, unanuna, unaweka pembeni.

Unanijua kaka yako. Nauza vifungo, zipu na nyuzi nyuma ya soko la Kariakoo, kwenye kaduka ambako wateja wawili wakiingia, mmoja lazima atoke ili mwingine ageuke. Shule niliishia la saba. Mengine nimejisomea kwenye magazeti ya zamani ninayonunua kwa kilo kufungia vifungo, ndiyo maana habari nyingi ninazozijua hazina mwisho. Mwisho wake aliondoka nao mteja. Na kazi hii inamtia mtu shaka. Mteja anakuja na kifungo kimoja kiganjani, anasema, "Nataka kama hiki," nikimpa anatazama rangi anaondoka. Mimi natazama matundu. Kuna vya matundu mawili na vya matundu manne, na ukishazoea kuhesabu matundu huwezi kuacha, hata kwenye shati la imamu.

Basi ndivyo nilivyokugundua.

Unakumbuka siku tuliyomshona Bi Kwaru? Mama alikuwa hai bado, amekaa nyuma ya magunia yake ya choroko na kunde, kopo lake mkononi. Ulitaka mdoli wa kuvaa mkononi umfundishie mwanao Nuru herufi, yeye na watoto wengine wa pale uani kwetu Msimbazi. Nikasema tushone sungura. Ukanikatiza: "Kaka, sungura Kariakoo nani kamwona? Hapa kuna kunguru." Tukakata buibui kuukuu la mama, shingoni tukaweka kipande cha soksi yangu ya kijivu, macho tukatia vifungo viwili vyeupe vya matundu manne. Mama alipomwona akasema, "Mmeniharibia nguo yangu mkanitengenezea ndege wa uchuro!" Halafu ukamvaa mkononi, Bi Kwaru akachungulia ndani ya kopo, akanyanyua kunde moja kwa mdomo. Mama alicheka hadi akashikilia gunia.

Nilidhani ni mchezo wa wiki moja. Kumbe ulikuwa na akili nyingine kichwani. Bi Kwaru akawa mwizi wa herufi. Anaiba K kwenye bango, watoto wanabaki na "ariakoo", na harudishi mpaka wamwambie jina la alichoiba na wamtajie vitu vitatu vinavyoanza nacho. "Kopo!" "Kunde!" "Kunguru!" Watoto wa miaka minne walikuwa wanavisoma vibao vya maduka kwa sauti barabara nzima, wenye maduka wanashtuka wakidhani ni watu wa ukaguzi.

Na namba ulizifundisha kama mama alivyopima. Mama hakuwahi kusema "moja" maishani mwake, si kwenye choroko. Kopo la kwanza aliliita Bismillahi, akaligonga mara mbili ukingoni, akaliinamisha kushoto: Bismillahi, mbili, tatu, nne. Bi Kwaru naye hivyo hivyo. Anagonga mdomo mara mbili, anainamisha kichwa kushoto, "Bismillahi, mbili, tatu." Wale watu wa kipindi cha watoto cha TV walipokuja kukuchukua, hawakujua wanachukua na kopo la mama yetu.

Kipindi cha kwanza tulikitazama wote chumbani kwa mama. Mimi nilikaa karibu na mlango, kwa sababu TV siiamini. Yule mtoto mwenye shati la njano aliyekuwa anajibu kabla hajaulizwa, niliwaambia pale pale, huyo kaambiwa. Bi Kwaru akaanza kuhesabu machungwa, "Bismillahi..." na mama akapiga kelele kwa majirani: "Njooni! Njooni muone hesabu yangu iko kwenye TV!" Alikufa mwaka huo huo. Nafurahi aliisikia.

Sasa tuje kwenye jicho.

Siku moja kabla hujasafiri kwenda Arusha kurekodi vipindi vipya, Nuru aling'oa jicho la kushoto la Bi Kwaru kwa meno. Ukaja dukani mbio. Na mimi, muuza vifungo mzima, vyeupe vya aina ile vilikuwa vimeniishia. Nikashona cha koti, cha manjano, matundu mawili. Ukamtazama ukasema, "Kaka, huyu sasa ana homa ya manjano." Nikajibu atapona huko kwenye baridi. Tulicheka. Tungeishia hapo ingekuwa vizuri, ila mdomo wangu haujui kufunga duka. Nikasema, "Ila Zuhura, ukikwama huko usije ukarudi hapa bila kitu, nikaanza kulea wawili."

Ulimtia Bi Kwaru kwenye begi, mdomo wake ukabaki nje ya zipu. Ulisema miezi mitatu. Nuru alikuwa na miaka mitatu na nusu. Sasa ana mitano.

Kila ukipiga simu nikikuuliza kazi, jibu lilikuwa lile lile. "Kaka, tumebanwa, tunarekodi kila siku. Si mnamwona Bi Kwaru asubuhi?" Tulimwona. Kila asubuhi, mimi na Nuru, chai mkononi. Nuru anahesabu naye, mimi natazama macho. Yote mawili meupe. Matundu manne, manne. Nikasema labda wamebadilisha kile cha manjano. Lakini kifungo kipya kingekaa sawa na mwenzake, na hiki cha kushoto kilikuwa kimelegea kidogo, uzi wangu mweusi unaonekana. Nilikishona mimi, naujua uvivu wangu. Hivyo vilikuwa vipindi vya zamani, vya kabla ya safari, vinazungushwa. Bi Kwaru mwenye jicho la manjano hakuonekana hata siku moja.

Nilijiuliza mengi. Nikakushuku umeolewa kimyakimya. Nikakushuku unaumwa. Kuna wiki nilikushuku una mtoto mwingine, nikawa nakusikiliza kwenye simu nione kama nyuma yako kuna kilio. Mtu akiwa anauza vifungo peke yake tangu asubuhi, hana wa kumzuia kufikiri.

Jumatatu ile nikashindwa kuvumilia. Nikakwambia, "Zuhura, jicho la Bi Kwaru lina rangi gani?" Ukauliza, "Lipi?" Nikasema, "Lile nililolishona mimi, la kushoto." Ukasema, "Kaka, mtandao unakatakata." Mtandao ulikuwa mzuri, nilikusikia unavyopumua. Ndiyo mara ya mwisho nimesikia sauti yako. Nilifurahi kwa dakika kama mbili hivi kwamba nimekunasa. Baada ya hapo sijafurahi.

Alhamisi yake wakaleta kunguru mpya. Hujamwona? Manyoya laini kama ya zulia la harusi, macho ya plastiki yenye mboni inayozunguka, na sauti ya mtu anayetangaza sabuni. Akafungua mdomo: "Moja! Mbili! Tatu!" Safi kabisa, hakugonga wala hakuinama.

Nuru akaweka kikombe chini.

"Huyo siye."

"Siye nani?" nikamuuliza.

"Siye mama."

Zuhura, nilirudisha andazi kwenye sahani. Mimi sikuwahi kumwambia kwamba anayemchezesha Bi Kwaru kwenye TV ni wewe, na ya nyumbani nilidhani ameyasahau. Wewe ulinikataza, ulisema akijua atalilia TV. Nikamuuliza nani kamwambia Bi Kwaru ni mama yake. Akanitazama kama mteja aliyeuziwa kifungo kibovu. Akakunja mkono wake ukawa mdomo, akagonga mezani mara mbili, akauinamisha kushoto.

"Si anafanya hivi? Bibi alikuwa anafanya hivi, na mama anafanya hivi. Mjomba, kwani wewe ulikuwa huoni?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa unaangalia macho tu."

Kwa hiyo mwaka na nusu mimi nilikuwa pale nahesabu matundu, nakufanyia upelelezi, na mtoto alikuwa amekaa na mama yake kila asubuhi anakunywa naye chai. Siku zote hizo sikuujua mkono wako. Na sasa mkono huo umetoka kwenye TV, na kwenye simu nawe umetoweka kwa sababu yangu. Kila asubuhi Nuru anawasha TV, anamtazama yule wa zulia mpaka mwisho, labda atagonga. Hagongi. Anazima mwenyewe, anavaa viatu.

Juzi mwalimu wake wa chekechea aliniita. Mwalimu Eliapenda, yule Mchagga wa Marangu, mkali lakini ana haki. Akanikalisha kwenye kile kiti cha watoto, magoti yakanifika kidevuni.

"Mjomba wake Nuru, mimi sina ugomvi na dini ya mtu. Lakini nina watoto kumi na saba, na nikiandika namba moja ubaoni darasa zima linaniitikia Bismillahi. Hadi wa kwetu Marangu! Juzi kamoja kamesema hivyo mbele ya baba yake, na baba ni mzee wa kanisa. Ametoa wapi Nuru?"

Nikamwambia kwenye TV. Akasema TV inasema moja, amesikia mwenyewe. Ikabidi nimweleze yote, kopo, choroko, kunguru, wewe. Alinisikiliza, chaki mkononi. Mwishoni akasema kwenye mahafali, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, Nuru ndiye atakayehesabu mbele ya wazazi, na ataruhusiwa kuanza anavyojua. "Ila mama yake aje anieleze yeye mwenyewe ni hesabu ya wapi. Mimi habari ya kuambiwa na mjomba siiandiki popote." Nikamwona kama ndugu yangu. Naye haamini.

Sasa nikwambie ninavyokushuku leo, baada ya kuvuka yote yale. Nakushuku kazi iliisha zamani, pengine hata mwezi wa pili hukuumaliza. Nakushuku upo Arusha unafanya lolote, na ulikuwa unatupigia simu ukijificha nyuma ya vipindi vya zamani, kwa sababu ya neno langu moja la pale dukani. Kama nimekosea, njoo unisute. Nimezoea kusutwa, ni Kariakoo hapa. Kama nimepatia, basi lile neno nalirudisha mbele ya kila anayesoma hapa. Rudi bila kitu. Kulea wawili si kazi, chumba cha mama hakijapangishwa, na kunde za mama hakuna anayezipima vizuri sokoni.

Jana nilimwambia Nuru nakuandikia.

"Mwambie aje na Bi Kwaru."

"Na kama Bi Kwaru wamebaki naye wenyewe?"

Nikaona anaitazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa soksi za kijivu, kama ile tuliyomkatia Bi Kwaru.

"Aje tu," akasema. "Soksi si zipo?"

Akainama akaivua ya kushoto. Kifungo cha manjano, pacha wa kile, nimeshakitoa kwenye boksi. Sijakishona. Nakusubiri uvae wewe kwanza mkononi, tuone jicho linakaa wapi.

Nakuaga nikiwa na soksi mguu mmoja,

Kaka yako