Anayecheka Ni Mzima

Jumatatu, 3 Machi

Kazi mpya. Nawasomea wagonjwa wa sonona maneno — kicheko, kaburi, zawadi, aibu — wanahesabu kurudi nyuma kidogo, kisha wanataja waliyoyakumbuka. Wanakumbuka ya majonzi. Ya furaha yanapita tu. Na mkuu wetu wa utafiti anavyoshangilia! Watu wameketi mbele yake hawana hata hamu ya kuchana nywele, yeye anasugua viganja: matokeo mazuri sana. Debe tupu.

Na nani aliyeweka "harusi" kwenye maneno ya furaha? Hajawahi kuolewa huyo.

Jumatano, 5 Machi

Tunatafuta wazima wa kulinganisha na wagonjwa. Wameadimika! Mkuu kasema kila mmoja wetu alete ndugu. Kanuni yake: anayeingia akicheka, mzima. Kasoma mpaka kapata kipara, na hiyo ndiyo elimu aliyotoka nayo. Leo kaletwa shemeji yake — kachekacheka mlangoni, kapewa soda, kataja "asali", "zawadi" na "soda", ambayo hata haikuwemo. Mzima kabisa huyo!

Kesho namleta mdogo wangu. Chereko, ndivyo tunavyomwita nyumbani. Hata kwenye msiba wa baba ni yeye aliyewachekesha shangazi mpaka wakaona haya.

Alhamisi, 6 Machi

Chereko kaja. Kamwita Mkuu "daktari wa misamiati", chumba kizima kikacheka. Kuna fomu ya hali ya moyo, kila mtu huijaza kwanza: unalala? unalia? unaona faida ya kuishi? Nikamjazia mwenyewe, hata sikumuuliza. Huyu? Huzuni aitoe wapi!

Nikasoma maneno. Akahesabu kurudi nyuma. Kisha akataja: aibu. Kaburi. Upweke. Mzigo. Akatabasamu. Nikadhani anatania, nikamsubiri amalizie.

"Ndiyo hayo tu, dada."

"Mzigo" sikulisoma. Halimo kabisa.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu kasema tumtoe kwenye kundi la wazima, anaharibu matokeo. Nikauliza, na nani atamwambia kwamba huenda anaumwa? Kanijibu hapa si hospitali. Mjinga mwenye miwani! Nimemtukana moyoni mchana kutwa, njia nzima mpaka nyumbani. Halafu nikaikumbuka ile fomu. Mwandiko ni wangu. Mkuu kampima mdogo wangu kwa kicheko mara moja tu — mimi nampima hivyohivyo tangu tukiwa watoto. Nyani haoni kundule. Naogopa sana.

Jumamosi, 8 Machi

Chereko yuko jikoni kwangu anaosha vyombo. Kaja mwenyewe, sikumwita. Nimekimbilia chumbani eti natafuta taulo — naandika tu nipate pa kuanzia. Nianze na nini? Kwamba tumemtoa? Kwamba nilimjazia uongo kwa kalamu yangu?

Kaniuliza kwa sauti kutoka huko kama alifaulu. Nikamjibu hakuna kufaulu wala kufeli. Akacheka, kile kicheko chake.

Sasa kauliza tena, polepole:

"Dada, na wale wagonjwa wenu, huwa wanakumbuka yapi?"

Maji ya bomba yanamwagika, lakini vyombo havigongani tena. Ananisubiri —